Kitanda Kilicholegea cha Kadija Abdulrazak

Ukiingia katika chumba cha Kadija Abdulrazak, nyuma ya soko la Kilwa Masoko, utavua viatu mlangoni kama unavyovua kwa mtu yeyote, kisha utaombwa jambo ambalo hukuombwa kwingine: usiegemee meza. Juu ya meza hiyo kuna kompyuta iliyoachwa wazi ubavuni. Ndani yake, pale ambapo kompyuta nyingine zina skrubu, ya Kadija ina kitanda. Ni kitanda cha ukubwa wa kiganja, kimewambwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na juu yake imelala hadidiski, kile kisanduku cha chuma ambamo kompyuta hutunza kila ilichopewa. Ndani ya kisanduku kuna sahani inayozunguka mchana kutwa bila kupumzika. Wewe huisikii.

Nimekaa katika vyumba vya kurekodia vya Mombasa na Maskati, na kimoja cha Lizboni ambacho kuta zake zilivishwa sponji kutoka sakafuni hadi darini. Huko kote kompyuta ilifichwa chumba cha pili, nyuma ya kioo. Kwa Kadija iko karibu na maiki kiasi kwamba unaweza kuzigusa zote mbili ukiwa umekaa, na kimya ni kile kile. Nilimuuliza ujuzi huo aliupata wapi.

"Kwa baba," akasema. "Na kwa kukosea."

Baba yake, Mzee Abdulrazak, alikuwa fundi wa vitanda vya kamba huko Kilwa Kivinje. Kazi hiyo ukiitazama kwa mbali unaweza kuidhani ni ya kukaa kivulini. Ukiikaribia utamwona mtu analoa jasho. Kuna matendegu manne, ile miguu ya kitanda, kuna mifumbati, mbao zinazoyaunganisha, halafu kuna kamba ya makumbi ya nazi, ambayo lazima ipite juu, chini, ikate kona, irudi, na kila ikirudi ivutwe kwa mikono huku mguu umesukuma mbao. Mzee Abdulrazak hakubahatika kupata mtoto wa kiume aliyeishi. Alikuwa na Kadija, aliyempa jina la mama yake mzazi, na kwa hiyo tangu utotoni alimwita "mama." Alimfundisha kuwamba.

Watu wa Kivinje hawakuliacha jambo hilo lipite. Wanaume waliokaa barazani walikuwa wakimwona binti amekanyaga mfumbati, kamba imezungushwa mkononi, wanapiga kelele: "Kadija! Hiyo si kazi ya kike!"

"Mnakilalia bila aibu," akawajibu, "halafu mnataka mimi nione aibu kukiwamba?"

Kitanda kikiisha, mzee alikuwa na namna moja ya kukipima. Alikipiga kofi katikati. Kitanda kizuri kililia kama ngoma. Sauti ikafika hadi nyumba ya pili. Kisipolia, alikifungua chote, hata kama mwenyewe amekuja kukichukua na amekaa anasubiri. Maarusi wa Kivinje, na wengine wa hadi Somanga, walilalia vitanda vilivyopigwa kofi na Mzee Abdulrazak. Kadija alikua akijua kwamba kulegea ni aibu. Hakuwahi kufundishwa hivyo kwa maneno; mikono yake ndiyo ilijua.

Ukaja wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa. Magodoro ya sponji yakateremshwa kutoka kwenye malori yamekunjwa kama chapati, vitanda vya chuma vikafuata, na watu wakaanza kuona kwamba kamba ya makumbi inachoma mgongo, jambo ambalo mababu zao hawakuwa wameligundua. Mzee akawa anawamba kitanda mara moja moja, kwa msiba au kwa mgeni wa Ulaya. Kadija akahamia Masoko, akafungua kibanda cha kanda za kaseti. Akauza, akanakili, akaanza kurekodi harusi kwa redio kubwa ya kaseti aliyoibeba begani. Hatimaye, mwaka mmoja kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa, akaagiza kompyuta kuukuu kutoka Kariakoo, katika zile zilizokuwa zikiingia kwa makontena kutoka Dubai. Ilivuka kwa kivuko, ikapanda lori, ikafika imefungwa ndani ya kipande cha godoro la sponji.

"Adui yetu," Mzee Abdulrazak alisema alipoliona lile godoro, "leo kaja na zawadi."

Kwa harusi kompyuta ile ilifaa. Ngoma ni ngoma. Hakuna aliyesikia kitu kingine. Tabu ilianza na Bi Warda.

Bi Warda alikuwa msomaji wa kaswida, mtu mzima sana, mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kushika kipaza sauti. Alisoma kwa namna ambayo chumba kizima kililazimika kunyamaza, hata watoto, la sivyo wasingemsikia. Baadhi ya kaswida zake alizipata kwa bibi yake, na hapakuwa na mwingine pale Kilwa aliyezijua zote kwa mahadhi yale. Mwanawe alikuwa akiishi Dar es Salaam na kila Idi alituma ujumbe: mama aje, arekodiwe katika studio ya maana, kabla sauti haijakwisha. Kadija alikwenda kumwomba asome Kilwa kwanza. Bi Warda akakubali, akakaa mbele ya maiki, akasoma kaswida moja fupi ya kujaribia. Kisha Kadija akamvisha hedifoni juu ya mtandio.

Bi Warda alisikiliza amefumba macho. Akayafumbua.

"Kadija, huyu nani ananung'unika nyuma yangu?"

"Ni mashine, Bi Warda."

"Basi mwambie atoke nje."

"Hawezi kutoka, bibi. Ndiye anayeandika sauti yenyewe."

"Karani gani huyo anayeandika huku anaimba?" Akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu. "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Lakini barabara ya Somanga ikikauka napanda basi nakwenda Dar. Ukimnyamazisha huyo kabla sijaondoka, nitasoma hapa. Usipoweza, nitasoma huko, na wala sitanuna."

Hilo ndilo lililokuwa mbele ya Kadija. Malipo hayakumshughulisha. Alijua kwamba Bi Warda akisomea Dar, kanda itarudi Kilwa kama ilivyorudi kila kitu wakati ule: imefungwa, ina bei, imeandikwa jina la mtaa wa mbali. Na alijua kwamba mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni.

Akamwita Deo. Deo alikuwa fundi wa kompyuta, kijana aliyetoka Newala, Mmakonde mwenye mdomo mwepesi, na kati yake na Kadija utani haukuisha.

"Dada Kadija, mmezoea kubembelezwa na mawimbi," Deo alisema akiinamia mashine. "Chuma kikiguna kidogo tu mnaita fundi."

"Wewe fanya kazi. Nyinyi hata mti hamuuachi ukae kimya, mpaka muuchonge kinyago."

Waliondoa bati la ubavuni. Feni ilikuwa na vumbi. Deo akaipangusa, ikatulia, ikabaki na pumzi ndogo isiyomsumbua mtu. Mguno ukabaki. Kadija akaenda jikoni akarudi na mwiko. Akauegemeza ncha moja kwenye kasha, nyingine sikioni, akawa anahamisha kidogo kidogo kama daktari. Ulipofika kwenye kitako cha hadidiski, akasema, "Huyu hapa."

"Skrubu zimelegea," Deo akasema. Akazikaza. Mguno ukapanda.

"Umemkasirisha," Kadija akasema.

Deo akazima mashine, akafungua skrubu zote, akaitoa hadidiski nyaya zake zikiwa bado zimechomekwa. "Ishike hapo, kwenye kiganja, usiitikise hata kidogo." Akawasha.

Kadija aliniambia kwamba alidhani mashine imekataa kuwaka. Hadidiski ilikuwa inazunguka mkononi mwake, aliihisi ikitetema kama moyo wa kuku, lakini chumba kilikuwa kimya. Mguno ule wote haukuwa wa hadidiski. Hadidiski ilikuwa inatetema tu. Lililokuwa likiimba ni kasha la bati ambamo ilikuwa imefungwa, na meza chini ya kasha.

"Sasa unaweza kurekodi," Deo akasema. "Wewe kaa hivyo hivyo umeishika mpaka Bi Warda amalize."

"Au nikuajiri wewe uwe kishikizo."

Baada ya kucheka, Deo akasema ukweli wake: kama ingekuwa yake angenunua hadidiski mpya, zinazotoka sasa zinatulia zaidi, lakini hizo zilikuwa Dar, na Dar ndiko barabara ilikokatika. Kuhamishia kompyuta chumba cha pili hakukuwezekana pia. Nyaya zingehitaji tundu, na ukuta wa nyumba ile ni wa mawe ya matumbawe, na mwenye nyumba alikuwa ameshasema kwamba atakayeutoboa atatoka na tundu lake.

Kadija alianza na meza. Alikunja mkeka, akaweka juu yake kipande cha lile godoro la Kariakoo, akaketisha kasha hapo. Meza ikaacha kutetema. Kasha likaendelea kuimba, ila sasa liliimba peke yake. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilimjia kwa namna ambayo ingemjia mtoto yeyote wa Mzee Abdulrazak. Kitu kinachotakiwa kulala bila kugusa mbao, unakifanyia nini? Unakiwambia kitanda. Ndani ya kasha palikuwa na nafasi ya kuwekea diski ya pili, pana kuliko hadidiski, na kuta zake za bati zilikuwa zimetobolewa matundu. Mifumbati ilikuwa tayari. Kadija akachukua kamba nyembamba ya makumbi, akaisokota upya iwe nyembamba zaidi, akawamba. Alivuta kwa vidole kama alivyokuwa akivuta kwa mguu. Alipomaliza, bila kufikiri, akakipiga kwa ukucha. Kikalia. Akatabasamu, akalaza hadidiski, akawasha.

Mguno ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo. Sasa ulikuwa na mahadhi.

"Umetengeneza zeze," Deo alisema mlangoni.

Kadija alifungua kamba, akaiwamba tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kitanda kibaya dawa yake aliyoijua ilikuwa moja. Kikalia zaidi. Alikuwa amekasirika, na aliniambia kwamba kilichomkasirisha ni kuona kazi ni nzuri kabisa. Hapakuwa na kona hata moja iliyopinda. Baba yake angeipitisha kwa kofi la kwanza. Na nje jua lilikuwa limeanza kuwaka. Justa, jirani yake muuza mihogo, alikuwa ameshaanika unga barazani.

Siku iliyofuata alikwenda Kivinje kumwona baba yake, ambaye alikuwa na mafua. Alimkuta amejilaza kitandani kwake. Kadija akakaa kwenye kigoda, bakuli la uji mkononi, akisubiri mzee ageuke apate kunywa. Mzee akageuka. Akakohoa, kikohozi cha kutikisa mabega. Pembeni, juu ya mfumbati, alikuwa ameweka kikombe cha bati na kijiko ndani yake, na kijiko hakikulia.

Kadija akaangalia kile kijiko. Katika nyumba ile kulikuwa na kitanda kingine, cha wageni, kilichowambwa upya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Mgeni akigeuka kwenye kile, nyumba nzima ilijua kageukia upande gani. Lakini kitanda cha fundi mwenyewe hakikuwambwa upya hata siku moja. Nani ana muda? Kamba zake zilikuwa zimezama katikati kama wavu, mzee amelala ndani yake kama dagaa. Kila kitu alichokifanya mwili wake kiliishia pale pale kwenye kamba. Hakikufika kwenye mbao.

"Baba, kitanda chako kibovu," Kadija akasema.

"Najua, mama. Nisitiri."

"Sikusitiri. Nakiiga."

Kamba ya makumbi ikiwa mpya hailegei kwa kuambiwa. Inataka miaka na mgongo wa mtu. Njiani kurudi Kadija alisimama kwa fundi baiskeli, akapata tyubu isiyozibika tena. Akaikata vipande vyembamba. Akavipitisha juu na chini kwenye matundu ya bati kwa mtindo ule ule wa baba yake, lakini kila mkono ulipotaka kuvuta aliuzuia. Alisema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: vidole vilikuwa vinakaza vyenyewe, ikabidi afungue, aanze tena. Alikiacha kitanda kikilegea kiasi kwamba hadidiski ilizama kidogo, ikakaa sawa kama maji kwenye sahani, bila kugusa bati upande wowote. Nyaya zake akaziacha na nafasi ya kupinda, maana waya ukikaza nao hubeba mtetemo. Na kwa kuwa hadidiski iliyoning'inia haina bati la kuipunguzia joto, akaacha hewa ipite juu na chini, akawa anaigusa kila mara kwa kiganja kama mama anavyogusa paji la mtoto. Ilipata uvuguvugu, ikaishia hapo.

Akaegemeza mwiko kwenye kasha, akasikiliza. Kisha akamwita Deo, akampa mwiko.

Deo alisikiliza sana. "Umeizima?"

"Tazama kioo."

Kioo cha kompyuta kilikuwa kinaonyesha kazi inakwenda. Deo akaurudisha mwiko kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha heshima. "Dada Kadija, leo sina utani," akasema. Baadaye kidogo akaupata: "Lakini ukihama nyumba, mbebe mgonjwa wako taratibu. Ukilitikisa kasha linafanya kazi, anaanguka kitandani."

Bi Warda alikuja asubuhi, mzigo wake wa safari ukiwa tayari nyumbani. Mabasi yalikuwa yameanza kupita. Mzee Abdulrazak alikuja naye, mafua yamekwisha, amevaa kanzu na kofia kwa heshima ya kaswida. Justa alimfungia jogoo wake ndani ya tenga na kulifunika kwa kanga, akaahidi kutokaanga chochote mpaka aambiwe.

"Shikamoo, Bi Warda."

"Marahaba, mwanangu. Karani wako katoka?"

"Hajatoka. Kalala."

Mzee alitaka kumwona huyo aliyelala. Akainama kwenye kasha lililo wazi, kompyuta ikiwa bado haijawashwa, akanyoosha kidole kimoja, akakigusa kitanda cha tyubu. Kikazama. Akakigusa tena. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Nani kawamba hiki?"

"Mimi, baba."

"Wewe? Hiki kimelegea, mama. Kimelegea kila kona!" Akamgeukia Deo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kijana, mimi sikumfundisha hivi. Watu wakikuuliza, sema huyu kajifunza kwingine."

"Nikaze basi?" Kadija akauliza.

Mzee akafungua mdomo. Bi Warda alikuwa ameshakaa mbele ya maiki, anamtazama. "Bwana Abdulrazak," akasema, "kaa chini. Ukikaa utanyamaza, ukisimama huwezi."

Mzee akakaa. Kadija akawasha. Bi Warda akasoma.

Alianza na zile zinazojulikana, kisha akaingia zile za bibi yake. Sauti ilikuwa chini mno, na pale panapotakiwa kushuka ikashuka zaidi. Aliposimama kuvuta pumzi, chumba kilibaki tupu kabisa. Mzee Abdulrazak alikuwa amekaza macho kwenye kasha. Mwanzoni alikuwa kama anasubiri likosee. Kisha kichwa chake kikainama upande, sikio likielekea kule, na kikabaki hivyo mpaka mwisho.

Kadija akamvisha Bi Warda hedifoni. Wote wakamtazama. Bi Warda alisikiliza kaswida yote ya kwanza, na ya pili, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Alipovua, alimuuliza Kadija swali ambalo Kadija hulirudia mpaka leo kwa kila mgeni, na kwangu alilirudia akiwa amesimama wima kama askari:

"Hii pumzi ni yangu?"

"Ni yako, bibi. Hakuna mwingine humo."

"Sijawahi kuisikia." Akairudisha hedifoni mezani. "Mwanangu wa Dar atanisikia kutoka hapa. Mimi nakwenda kumsalimia tu."

Alikwenda, akiwa na kanda kwenye mkoba, na juu yake karatasi ambayo Kadija aliandika kwa mkono wake: Imerekodiwa Kilwa. Tangu hapo wamekuja wasomaji kutoka Lindi mjini, kwaya ya kanisa kutoka Kilangala, na mzee mmoja wa kijiji cha Sudi aliyetaka tu wajukuu wake wawe na sauti yake akiwaita majina. Deo ameshawamba vitanda vya namna hiyo kwenye kompyuta nyingine, na kila mara humwita Kadija aje ahakikishe kwamba vimelegea vya kutosha.

Lakini siku ile, Bi Warda alipokuwa anavaa viatu mlangoni, Justa alitoka na jogoo wake chini ya kwapa kuuliza kama imekwenda vizuri. Kadija hakupata nafasi ya kujibu. Mzee Abdulrazak alikuwa amemtangulia kibarazani, kofia imekaa sawa, na alikuwa anawaeleza wapita njia wawili ambao hawakuwa wameuliza chochote:

"Kitanda kibovu kuliko vyote vilivyowahi kuwambwa katika ukoo wangu," alikuwa akisema, kifua mbele. "Na nimemfundisha mimi."